Kulwa wa Simu

Juzi simu ililia nikiwa jikoni. Kijana mmoja mwenye sauti laini, hata shikamoo hakunipa, akaniambia mjukuu wangu amegongwa na pikipiki, nitume pesa upesi kabla daktari hajaondoka. Nikamkatia. Kisha sikuweza kukaa. Nilizunguka meza, nikazima jiko, nikajifunga kanga, nikatembea mpaka shuleni kumwona mtoto kwa macho yangu. Alikuwa anacheza mpira. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini: "Bibi, hao ni matapeli! Ungekata tu, basi." Nilikata, nikawaambia. Kukata kila mtu anajua. Wakacheka tena, nami nikarudi nyumbani nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo imenishikisha kalamu.

Ninyi mnadhani matapeli wa simu wamezaliwa pamoja na hizi simu zenu za kupapasa. Mimi nilikuwa opereta wa simu zaidi ya miaka ishirini, na haya ninayosimulia ni ya miaka ya sabini, katika mji mdogo kwenye barabara ya kwenda Ushirombo. Jina la mji sitalitaja, kwa sababu watu wake bado wapo na midomo yao naijua. Matapeli nimewaunganisha kwa mikono yangu hii. Nimewaambia "subiri kidogo, bwana", nimewaambia "haya, zungumza, mwenzako anakusikia". Kwa hiyo nisikilizeni, na nikirukaruka msinikatize, kwa sababu mimi kusimulia kwa kufuata mstari sijawahi kuweza.

Simu zenyewe zilikuwa chache: bomani, polisi, misheni, kiwanda cha kuchambua pamba, na maduka saba au nane. Nyaya zote ziliishia kwangu, kwenye ubao mrefu wenye matundu ambao sisi tuliuita bodi. Kila tundu lilikuwa na kifuniko kidogo juu yake. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kifuniko chake kinaanguka, tak! Nachomeka waya, nasema "namba tafadhali", kisha nachomeka ncha ya pili kwenye tundu la anayetafutwa. Simu za mbali zilikuwa na matundu mawili pembeni, moja la laini ya Shinyanga na moja la laini ya Mwanza. Aliyepiga kutoka Geita alipitia Mwanza, hakuna njia nyingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mrisho, mtu wa Ujiji, mkuu wa chumba chetu. Alikuwa na mapafu mabovu na subira ya ajabu. Wiki ya kwanza nilichomeka vibaya, bwana mifugo akauliza habari za madume yake kwa sista wa misheni, na sista, kwa heshima zake, akamjibu kwamba kwao wanaume wanalala nyumba ya pili. Mzee Mrisho hakunigombeza. Alitoka nje akacheka mpaka akakohoa, kisha akarudi akiwa na uso wa kazi. Ila kwenye jambo moja hakuwa na mzaha. Kila asubuhi kabla sijavaa hedifoni aliniuliza, "Zainabu, opereta ana masikio?" Nami najibu, "Hana, mzee." "Akisikia?" "Hakusikia." Mkataba wa kazi ulisema hivyohivyo kwa maneno marefu: yanayosemwa kwenye waya ni ya wenyewe, na opereta akiyatoa nje anafukuzwa. Niliona ni sheria nzuri, na mpaka leo naona ilikuwa nzuri, ndiyo maana inanisumbua.

Watu walikuwa wanaiogopa simu. Palikuwa na kibanda cha mbao ndani ya ofisi, na nimeona wazee wakivua viatu mlangoni. Wengine walijibu kwa kutikisa kichwa, nami nikitazama kupitia kioo nabaki kumwambia wa upande wa pili, "amekubali, amekubali." Mmoja alimwambia mwanawe aliyekuwa Tabora, "Mbuzi mwenyewe ndiye huyu," akamnyanyua mbuzi.

Wauzaji wasumbufu nao walikuwepo, msidhani ni wa siku hizi. Palikuwa na bwana mmoja wa Mwanza aliyeuza betri za redio na dawa ya kupe. Kila Jumatatu alianza duka la kwanza mpaka la mwisho. Wenye maduka wakanijia mmojammoja. Mzee Kassimu wa duka la vitambaa aliniambia, "Binti yangu, yule akinitafuta, mimi nimekufa." Kumuua mtu mzima nilishindwa, nikawa nasema laini ya duka hilo ni mbovu. "Basi nipe linalofuata." Na hilo bovu. "Linalofuata?" Siku moja akasema, "Dada, mji wenu mzima ni mbovu. Hebu wewe mwenyewe, huko ulipo, kupe hawakusumbui?" Kabla dakika tatu hazijaisha nilikuwa nimeagiza makopo mawili ya dawa ya kupe, na nyumbani kwetu hatukuwa hata na kuku. Kwa hiyo mkitapeliwa mimi siwacheki, ulimi mtamu naujua.

Lakini yule alikuwa muuzaji tu. Sasa niwaambie habari ya mwizi.

Mtu asiye na simu aliitwa hivi. Anayemtafuta anapiga kwetu, anataja jina na kijiji, anasema atapiga tena saa fulani. Sisi tunamtuma tarishi wetu, Masanja, mtu mzima mwenye baiskeli isiyo na breki, naye anamleta huyo mtu ofisini. Asubuhi moja kifuniko kilianguka, nikachomeka. Mwanamume. "Niitie Mama Kulwa, yule mwenye pacha. Mimi ni Kulwa mwanawe. Fanya haraka, dada, niko katika hali mbaya. Nitapiga tena saa sita."

Mama Kulwa nilimjua vizuri. Alikuwa mjane, alikaa mwendo wa saa moja kutoka mjini, na siku za mnada alituletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukatafuna mbele ya bodi. Mwanawe Kulwa alikuwa mwaka wa pili sasa yuko upande wa Geita, anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na barua hazikuja. Kila alipoleta michembe aliuliza, nami kila mara nilijibu hakuna. Kwa hiyo mnaielewa furaha yangu. Masanja alipomleta, jasho linamtoka kwa kutembea mbio nyuma ya baiskeli, na simu ilipoingia tena, nilisimama nikapaza sauti mimi mwenyewe: "Mama, mwanao! Kulwa wako yuko kwenye simu!"

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Sikusema kuna mtu, nilisema mwanao.

Opereta hana masikio, lakini lazima asikilize mwanzo ahakikishe sauti zinafika. Nilimsikia yule mtu akisema ameangukiwa na duara, kwamba rafiki yake atakuja kesho mnadani na lori, na mama ampe ng'ombe sita wakauzwe apate matibabu. Kisha akasema, "Doto hajambo? Na Shija hajambo?" Nikatoka kwenye laini.

Mama Kulwa alitoka kibandani akashika ukuta. "Anakufa," akaniambia. "Mwanangu anakufa, Zainabu. Ameniulizia Shija. Shija nilimzika akiwa wa miezi minne, Kulwa mwenyewe alikuwepo. Ameanza kuwaona waliotangulia."

Nyie wa mjini mnisikilize hapa. Huku kwetu Usukumani wa kwanza kati ya pacha anaitwa Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Mtu akisikia tu mwanamke anaitwa Mama Kulwa sokoni, ameshajua majina ya watoto watatu bila kumuuliza yeyote. Yule mwizi alikuwa anabahatisha. Akabahatisha vibaya, akamtaja marehemu, na kosa hilohilo lililopaswa kumuumbua ndilo lililommaliza mama wa watu. Alivyojua huyo mama, mgonjwa anayewaulizia wafu yuko karibu nao.

 Nikatazama bodi. Waya wangu ulikuwa bado umechomekwa, na ulikuwa kwenye tundu la Shinyanga. Kulwa yuko Geita, simu imetoka Shinyanga. Niliutazama ule waya. Nikasimama, nikakaa, nikasimama. Nikamwendea Mzee Mrisho nikamwambia, mzee, kuna jambo nimesikia. Akaniangalia kwa upole akasema, "Umesikia?" Nikasema hapana, mzee. Nikarudi kwenye kiti changu. Nilijiambia pengine amepelekwa hospitali ya Shinyanga, nilijiambia mengi. Mama Kulwa alikuwa ameshaondoka, na kesho yake wale ng'ombe sita walipakiwa kwenye lori mchana kweupe, watu wakimpa pole.

Walikuwa ng'ombe wa mahari ya Doto, binti yake. Walikuwa ndio ng'ombe wa kumwoza Kulwa.

Mwezi haukupita, Mama Kulwa aliingia ofisini na kijana mrefu, mzima wa afya, begani ana gunia. Hakuja na michembe. Akamsimamisha mbele ya bodi yangu, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Zainabu. Huyu ndiye Kulwa. Sasa nieleze, yule uliyeniambia ni mwanangu alikuwa nani?"

Nilisema nilivyoambiwa, mama. Alisema yeye ni Kulwa.

"Yeye alisema. Lakini mimi sikumsikia yeye kwanza. Nilikusikia wewe. Sauti ya kwenye lile dude inakwaruza, huwezi kujua ya baba wala ya mtoto. Nilikuamini wewe ninayekujua uso."

Kulwa aliona aibu kwa niaba yangu. "Mama, muache dada. Ng'ombe watatafutwa." Na kweli wiki ileile akarudi Geita, kwenye maduara, kuwatafuta. Mwizi hakupatikana. Polisi waliandika, na mimi niliulizwa simu ilitoka wapi nikasema Shinyanga, na wao wakasema Shinyanga ni kubwa.

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ya kufanya kazi, nikawabadilisha na wenzangu. Hatukumtaja tena mpigaji kana kwamba tunamfahamu. Tulisema, "Kuna mtu anajiita fulani." Wakubwa wengine walikasirika, bwana mmoja wa bomani akaniuliza, "Mimi ninajiita?" Nikamwambia ndiyo, mzee, mpaka tuonane. Niliwafundisha watu waliokuja kwenye kibanda wasimpe mpigaji majina, bali wamwache ayataje, na wakiona ana haraka wao wapunguze mwendo, wamsalimie kwa salamu ndefu za nyumbani, za ukoo na za mvua na za mifugo. Mwizi hazivumilii, kila swali linamkaribisha kwenye shimo. Jambo hilo lilisaidia. Najua watu watatu lililowaokoa, na mmoja ni Mzee Kassimu, yule aliyetaka kufa kwa ajili ya betri. Nilijiona nimejifunza. Niliamini nimelipa.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna pamba, kifuniko cha Mwanza kilianguka.

"Dada Zainabu? Ni mimi Kulwa. Niko hospitali, huku Geita. Jiwe limeniponda mguu. Wanataka kuukata leo, nimekataa, nimesema mpaka mama aje. Niitie mama. Mwambie aje na maziwa ya mgando, hapa ni uji tu, uji tu." Akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye maumivu. Akasema karani amemruhusu kupiga tena saa nane.

Moyo uliniambia ni yeye. Laini ilikuwa ya Mwanza. Jina langu alilijua. Lakini mara ya kwanza pia moyo uliniambia. Nikamwita Masanja, nikampa maneno yaleyale ya utaratibu wetu mpya, sikuongeza hata moja: "Mwambie Mama Kulwa kuna mtu anajiita Kulwa, anapiga kutoka Geita, atapiga tena saa nane." Ya mguu na ya maziwa sikumpa, kwa sababu yanayosemwa kwenye waya ni ya wenyewe.

Nilihesabu vifuniko kumaliza muda. Nilisafisha matundu ambayo yalikuwa safi. Masanja akarudi peke yake, akashuka kwenye baiskeli kwa kuburuza miguu. Hakutaka kuniangalia.

"Amesema, mwambie huyo Kulwa ng'ombe wamekwisha."

"Hukumsisitiza?"

"Nimsisitize nini? Umeniambia mtu anajiita. Na yeye akaniuliza, Zainabu amesema ni mwanangu? Nikamjibu hapana, hakusema."

Saa nane kifuniko kikaanguka. "Dada, mama amefika?" Sauti ilikuwa imepungua. Nikasikia mtu nyuma yake akimwambia afupishe. Nikamwambia, "Mama yuko njiani." Ni uongo pekee niliowahi kuuweka kwenye waya ukiondoa zile laini mbovu za Jumatatu. Akasema, "Basi nawaambia wasubiri," na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nimemfanya asubiri.

Nilimwomba Mzee Mrisho ruhusa. Hakukuwa na mtu wa kushika bodi mpaka saa kumi. Zile saa mbili ndizo ndefu kuliko zote nilizokaa kwenye kile kiti. Saa kumi kamili nilivua hedifoni, nikapanda baiskeli ya Masanja, nikaenda. Nilimkuta Mama Kulwa na Doto, ambaye alikuwa amekuja na mtoto wake mgongoni, wanatwanga.

"Umeniletea Kulwa mwingine?" mama akaniuliza bila kuacha mchi.

"Sijui ni nani, mama."

"Hujui."

"Sijui. Safari hii siwezi kukuapia. Lakini twende tukaone kwa macho. Akiwa si yeye, nitusi njia nzima ya kurudi."

Doto ndiye aliyemnyang'anya mchi. "Mayu, nenda," akamwambia mama yake. "Hakuombi kitu. Anakuomba miguu yako tu." Mama Kulwa akakubali, lakini kwa shingo upande, kama mtu anayekwenda kumkamata mwongo. Hakubeba chochote, hata kibuyu cha maji. Alfajiri tukapata lori la pamba, tukakaa juu ya marobota mpaka Ushirombo, kisha lori lingine mpaka Geita. Njia nzima alikuwa amekunja mikono tupu mapajani. Mimi niliinuka kila lori liliposimama.

Tulifika adhuhuri. Kwenye baraza daktari alituuliza sisi ni nani, na aliposikia akavua miwani. Alisema jana angekata chini ya goti na goti lingebaki. Usiku uozo umepanda. Leo ni juu ya goti, na lazima iwe sasa hivi, mzazi aweke dole gumba.

Kulwa alikuwa kitanda cha mwisho. Mama yake alimwona kabla mimi sijamwona, na sauti aliyoitoa sitaiandika. Akampapasa uso, masikio, kifua, kama anayetafuta mahali palipobaki na shaka. Kijana alikuwa na homa kali lakini alimtambua, na macho yake yakashuka kwenye mikono ya mama.

"Maziwa yako wapi, mayu?"

"Maziwa gani, baba?"

"Nilimwagiza dada wa simu. Nilimwambia uje na maziwa ya mgando."

Mama Kulwa aligeuka polepole. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika chuma chake.

"Uliyasikia?"

"Niliyasikia, mama."

"Na mguu, uliusikia?"

"Niliusikia. Haturuhusiwi kusema yanayosemwa."

Hakunitusi. Laiti angenitusi. Alinieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kuchota maji. "Yule mwizi aliniomba ng'ombe sita. Ni nani duniani atapiga simu kutoka Geita kuniomba maziwa, kama si mwanangu? Ungenitajia maziwa tu, Zainabu. Ningetoka mbio jana ileile."

Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akamfuata daktari kwenda kuweka dole gumba.